Neno la mwisho si lazima liwe la ukoo: majina ya Kiajemi kwenye Kiingereza

Nimeletewa tena makala ya Kiingereza niihariri, na mwandishi kafanya lile lile: kachukua neno la mwisho kwenye jina la Muirani, kaenda nalo hadi chini. Nikihoji, naambiwa ndivyo Kiingereza kinavyotaka. Sivyo. Kiingereza kinataka jina kamili mara ya kwanza, kisha la ukoo peke yake. La ukoo, jamani, si la mwisho.

Mchukue Akbar Hashemi Rafsanjani, rais wa Iran kuanzia 1989 hadi 1997. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Rafsanjani. Kwao Iran wengi walisema Hashemi tu, na bintiye mwanasiasa anajulikana kama Faezeh Hashemi. Rafsanjani ni nisba, yaani jina linalotokana na mahali, hapa mji wa Rafsanjan. Msomaji akikuta "Rafsanjani" aya ya pili na "Hashemi" aya ya tano, atajuaje kuwa ni baba na binti? Mimi humwacha baba aitwe Rafsanjani, maana ndivyo wasomaji wa Kiingereza walivyomzoea, ila naeleza uhusiano wao waziwazi. Hata hivyo sina raha na uamuzi huo.

Nisba nayo haisemi mtu kazaliwa wapi. Ali Khamenei alizaliwa Mashhad, mashariki kabisa; mji wa Khameneh uko kaskazini-magharibi. Sisi wa pwani hili lisitushangaze: Unguja na Pemba wamejaa waliojiita Washirazi bila kuikanyaga Shiraz, hata chama kikaitwa Afro-Shirazi mwaka 1957.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni -zadeh, kiambishi cha mwisho wa jina chenye maana ya "mzaliwa wa". Chukua Hassanzadeh. Kwa Kiajemi sanifu, kati ya Hassan na zadeh huwekwa nusu-nafasi, alama isiyoonekana inayozuia herufi ya n isishikane na z, bila kulikata jina vipande viwili. Wengi wakichapa hubonyeza nafasi nzima, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kidole. Jina likihamia herufi za Kilatini linakuwa Hassan Zadeh. Mhariri anadhani Hassan ni jina la kati, analifuta, na sentensi inayofuata inaanza na "Zadeh said". Ni kama kumwita MacDonald "Mac" ukaamini umemtaja kwa ukoo wake. Kilichobaki ni kiambishi kinachopatikana kwenye koo chungu nzima zisizohusiana.

Lakini usikimbilie kuunganisha kila Zadeh unayemwona. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyechapisha nadharia ya hisabati ya seti za fuzi (zisizo na mipaka kamili) mwaka 1965, alijiandika Zadeh peke yake, na Zadeh ndiye. Ndiyo maana hutazama kwanza mwenyewe anavyotia sahihi kazi zake. Akiweka nafasi, naiacha, ila maneno yote mawili yanakwenda pamoja: "Hassan Zadeh said", na kwenye faharasa chini ya H. Kistari cha katikati siongezi kama mwenyewe hakukiweka, ingawa kuna siku natamani, kwa ajili ya msomaji.

Wanawake: Iran kwa kawaida mke hachukui ukoo wa mume. Maryam Mirzakhani, mwanahisabati aliyepata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, aliolewa na Jan Vondrák na akabaki Mirzakhani. Acheni kuwabunia wanawake hawa majina ya waume.

Halafu kuna wa zamani. Majina ya ukoo yalifanywa ya lazima kwa sheria miaka ya 1920, wakati huohuo vyeo vya kifalme vikifutwa. Mohammad Mosaddegh, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Iran, aliutoa ukoo wake kwenye cheo alichokuwa nacho, Mosaddegh os-Saltaneh. Aliyekufa kabla ya hapo hana ukoo wa kumkatia. Juzi nimefuta "Kabir" mara kadhaa kwenye ukurasa mmoja, akikusudiwa yule waziri mkuu aliyeuawa mwaka 1852, enzi za mfalme Naser al-Din Shah. Jina lake lilikuwa Mirza Taghi Khan. Amir Kabir ni cheo kizima. Anaitwa Amir Kabir kila anapotajwa, na faharasani anawekwa chini ya A.