Kifua cha mtoto kikianza kuinuka, acha kubana

Katika mitihani ya vitendo ya huduma za dharura imani ileile hujirudia: kwamba mfuko wa kupumulishia, ule tunaouita ambu, haujafanya kazi mpaka kuta zake zigusane mkononi. Mtahiniwa anabandika barakoa vizuri, kisha anaukamua mfuko kama nguo ya kufuliwa, na wenzake wanamsifu kwa kuwa na mkono wenye nguvu. Hapo ndipo alama zinapokatwa, na ni haki.

Tupige hesabu. Pumzi moja ya mtoto ni takriban mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 10 anahitaji mililita 60 hadi 80. Mfuko wa watoto hubeba karibu mililita 500, na wa watu wazima hupita lita moja. Ukiubana wote, unampa mara kadhaa ya anachohitaji, na inayozidi inashuka tumboni. Tumbo likivimba linasukuma juu kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, mapafu yanakosa nafasi, na pumzi inayofuata inakuwa ngumu. Mtahiniwa akihisi ugumu huo anabana kwa nguvu zaidi! Mwisho wake ni matapishi ndani ya njia ya hewa. Hata asipotapika, presha iliyozidi kifuani hupunguza damu inayorudi moyoni.

Kwa hiyo bana kwa sekunde moja, macho yakiwa kifuani, na kifua kikianza kuinuka achia. Kwa mtoto mdogo, kidole gumba na vidole viwili au vitatu mara nyingi vinatosha.

Nakiri kwamba kipimo hiki cha macho si imara. Kifua cha mwanasesere wa mazoezi kina springi, hakifanani na cha mtoto mwenye nimonia, na watahini wawili wanaweza kutofautiana kuhusu "kuinuka kidogo". Kasi nayo ina utata. Mwongozo wa Marekani wa 2020 ulihama kutoka pumzi moja kila sekunde 3 hadi 5 kwenda moja kila sekunde 2 hadi 3. Ule wa Ulaya wa 2021 ulipanga kwa umri: 25 kwa dakika chini ya mwaka 1, 20 baada ya hapo, 15 kuanzia miaka 8 na 10 kuanzia miaka 12. Jua chuo chako kinafuata upi. Kwa ule wa Marekani, "bana, subiri, subiri", kila neno sekunde moja, hukupa 20 kwa dakika.

Kifua kisipoinuka, kosa mara nyingi haliko kwenye nguvu. Kisogo cha mtoto mchanga ni kikubwa, hivyo akilala chali kidevu kinaangukia kifuani na njia inajifunga. Mkunjie kitambaa chini ya mabega mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na shimo la juu ya mfupa wa kifua. Usimpinde shingo nyuma kupita kiasi, kwani hilo nalo huziba. Vidole vyako vikae kwenye mfupa wa taya, visizame kwenye nyama laini chini ya kidevu, maana vinasukuma ulimi juu. Barakoa ianzie kwenye daraja la pua hadi kidevuni bila kugusa macho. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mwenzake abane.

Vali ya usalama ya mfuko, ile inayotoa presha iliyozidi, ikilia usikimbilie kuifunga. Rekebisha kichwa na barakoa, fyonza ute, kisha ndipo ufikirie mapafu magumu yanayohitaji presha zaidi.

Guedel, kile kifaa cha plastiki cha mdomoni kinachozuia ulimi usizibe njia ya hewa: pima kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, kandamiza ulimi kwa kijiti, ingiza moja kwa moja bila kuzungusha, na kwa mtoto asiyekokomoka koo likiguswa tu.

Pima mapigo pia. Yakibaki chini ya 60 kwa dakika na mzunguko wa damu ni dhaifu licha ya hewa na oksijeni, anza kubonyeza kifua: kwa mwongozo wa Marekani, mara 15 kwa pumzi 2 mkiwa wawili, 30 kwa 2 ukiwa peke yako.