Kabla ya dripu ya kwanza ya kemo, uliza kuhusu mayai yako

Swali hili mara nyingi hunifikia likiwa limechelewa. Mgonjwa ameshamaliza mizunguko sita ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, hedhi imekata, usiku anaamka amelowa jasho. Uvimbe umeisha, na ndipo anapata nafasi ya kuuliza: "Daktari, nitaweza kuzaa?" Laiti angeuliza siku ileile aliyopewa majibu ya kipimo.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2. Akibalehe hubakiwa na 300,000 hadi 400,000 hivi, na mengine hayatengenezwi. Baadhi ya dawa za kemo, hasa saiklofosfamidi na jamaa zake, huua hata mayai ambayo bado yamelala ndani ya ovari, kiungo kinachotunza mayai. Mionzi ya nyonga nayo hufanya hivyo. Si kila mgonjwa hupoteza uzazi, kwani inategemea dawa, kiasi chake na umri: wa miaka 22 na wa miaka 39 wakipata dozi moja, hawabaki na akiba sawa.

Kugandisha mayai maana yake ni kuyatoa kabla dawa hazijayafikia. Kazi hiyo huchukua takriban wiki mbili. Zamani tulimsubirisha mgonjwa mpaka aone hedhi. Siku hizi tunaanza siku yoyote ya mzunguko. Kila siku anajidunga homoni chini ya ngozi ya tumbo ili mayai mengi yakomae pamoja, na kila baada ya siku chache tunayaangalia kwa altrasaundi. Sindano ya mwisho ina saa yake maalumu, hata ikiwa ni usiku wa manane, kwa sababu uvunaji unafuata baada ya saa 36 hivi. Siku hiyo analazwa usingizi, sindano nyembamba inapitishwa ukeni na kufyonza maji ya kila kifuko cha yai. Hapasuliwi, na kwa kawaida jioni yuko nyumbani.

Yai ni miongoni mwa seli kubwa kabisa za mwili, ingawa upana wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Limejaa maji, na maji yakiganda polepole hufanya chembe za barafu zinazolichana kutoka ndani. Mtoto wa kwanza wa yai lililogandishwa alizaliwa 1986, lakini kwa sababu ya barafu hiyo njia hii ilichukua miaka mingi kuaminika. Sasa tunalipunguza maji kwanza, kisha tunalizamisha katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196 za Selsiasi. Linakuwa kama kioo papo hapo, na umri wake unasimama pale pale.

Wenye saratani ya matiti huogopa homoni, na hofu yao ina msingi. Ndiyo maana tunawaongezea letrozoli, kidonge kinachozuia estrojeni isipande, ile homoni ya kike inayoweza kuchochea baadhi ya saratani hizo.

Niseme ukweli mwingine: mayai kumi si watoto kumi. Mengine hayavuki kuyeyushwa, mengine hayarutubiki. Mwenye mume anaweza kugandisha viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, ila mimi humshauri afikirie kuacha angalau baadhi ya mayai bila kurutubishwa, maana hayo yanabaki yake peke yake. Binti ambaye hajabalehe hawezi kuvunwa mayai kwa njia hii. Kwake huhifadhiwa kipande cha ovari. Na ipo lukemia, saratani ya damu, isiyoweza kusubiri hata wiki moja. Hapo matibabu hutangulia, nami sitamwomba mtu ahatarishe uhai wake.

Kwa wengine waliobaki, ukikaa mbele ya daktari wa saratani sema hivi: "Kabla hatujaanza, naomba kuonana na daktari wa uzazi." Sema hata kama hujaolewa, hata kama una mtoto tayari, hata kama leo huwazi kabisa habari za kuzaa. Kuja kuzungumza nasi hakukulazimishi kugandisha chochote. Lakini ukiamua ndiyo, sindano ya kwanza inaweza kuanza ndani ya siku chache, wakati vipimo vyako vingine vya saratani bado vinaendelea.