Je, wajua? Bahari ikipata joto Peru, mla tofu (chakula cha soya kifananacho na jibini) wa Japani anahusikaje?

Pwani ya Peru ina samaki mdogo wa jamii ya dagaa aitwaye anchoveta. Mwaka 1970 walivuliwa tani zipatazo milioni 12, na hakuna samaki wa aina moja aliyekuwa akivuliwa kwa wingi huo popote duniani. Wengi wao hawakufika mezani. Walikaushwa na kusagwa, wakawa unga wa kulishia kuku na nguruwe wa nchi za mbali.

Wingi huo unatokana na upepo. Kwa kawaida pepo za mashariki husukuma maji ya juu ya Pasifiki kuelekea Asia, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kushika nafasi yake. Rutuba hiyo hukuza mimea midogo mno ya baharini, na dagaa huishi kwa neema hiyo. Lakini kila baada ya miaka kadhaa pepo hulegea. Maji ya vuguvugu hurudi pwani ya Amerika Kusini na kuifunika ile rutuba, samaki wakabaki na njaa. Wavuvi wa Peru waliliita joto hilo El Niño, yaani Mtoto, kwa heshima ya mtoto Yesu, maana huwa linaonekana karibu na Krismasi.

El Niño ya 1972 hadi 1973 ilikuwa kali. Mwaka 1973 anchoveta waliovuliwa hawakufika hata tani milioni 2, na mwaka huohuo serikali ya Peru ikataifisha viwanda vya unga wa samaki. Haki isemwe, bahari haistahili lawama yote. Meli zilikuwa zimevua kupita kiasi kwa miaka, na pigo la joto lilikuta samaki wamekwisha pungua.

Sasa kuku wale nini? Mbadala wa karibu ulikuwa soya, na muuzaji mkubwa wa soya alikuwa Marekani. Bahati mbaya, mwaka 1972 Umoja wa Kisovieti nao ulivuna vibaya, ukanunua nafaka nyingi mno kutoka hukohuko Marekani. Busheli moja ya soya, yaani kilo kama 27, ilikuwa chini ya dola 4 katikati ya 1972. Juni 1973 ilipita dola 12. Bei ya nyama ikawapandisha Wamarekani hasira, na tarehe 27 Juni serikali ya Rais Richard Nixon ikazuia soya kutoka nje ya nchi.

Zuio hilo lililegezwa upesi na halikumaliza mwaka. Ila Japani ilikuwa imekwisha shtuka. Soya ndiyo tofu yao, ndiyo miso (rojo la kutilia supu), ndiyo mchuzi wa kukolezea karibu kila mlo, na sehemu kubwa kabisa waliinunua Marekani. Nadhani hapa ndipo kisa kinapofunza zaidi: joto la maji lilipita, bei zikashuka, lakini hofu ilibaki na ikaanza kutafuta ardhi.

Iliipata Brazili, kwenye nyanda za Cerrado zilizodharauliwa kwa udongo wake wenye asidi. Watafiti wa Brazili walikuwa wakijifunza kuutibu kwa chokaa na kuzalisha mbegu za soya zinazostahimili joto la tropiki. Japani ikaja na mikopo, na mwaka 1979 mradi wa pamoja wa nchi hizo mbili, Prodecer, ukaanza kuwapeleka wakulima huko. Brazili yenyewe ilikuwa na hamu ya kuifungua nyanda hiyo, kwa hiyo mlango ulisukumwa pande zote mbili. Leo nchi hiyo inaizidi Marekani kwa kuzalisha soya, na karibu nusu ya uoto wa asili wa Cerrado umefyekwa kwa mashamba na malisho.

Anchoveta walirudi kwa wingi miaka ya 1990, wakakuta soya imeshazoeleka horini.