Je, wajua kwa nini unga wa pizza ya Zanzibar haupasuki unapovutwa?

Ukienda kula kwenye migahawa ya nje kidogo ya mji, Kiembesamaki, Mpendae au njia ya Fuoni, siku hizi unakuta biriani, tambi za Kichina, shawarma na pizza ya Kitaliano kwenye orodha moja. Na mara nyingi pale mlangoni, kwenye meza yake na chuma chake cha moto, yupo fundi wa pizza ya Zanzibar. Huyo ndiye anayeniachisha chakula changu kikapoa. Anachukua donge la unga la ukubwa wa chungwa dogo, analibana kwenye meza iliyopakwa mafuta, analivuta kwa ncha za vidole huku akilizungusha, na kabla hujahesabu ishirini limekuwa jembamba mpaka unaona rangi ya meza chini yake. Wala halipasuki.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siri iko Italia. Nilidhani pizza yetu ni ile ya Napoli iliyofika hapa na watalii, ikakosa tanuri, ikakaangwa. Jina lilinitosha kuwa ushahidi. Lakini ukizitazama mbili hizi kwa makini, hazina kinachofanana ila ngano na hilo jina. Pizza ya Napoli hutiwa hamira, huachwa ikaumuka kwa saa nyingi, huwekwa nyanya na jibini juu, ikaachwa wazi, kisha huingia kwenye tanuri la kuni lenye joto linalozidi nyuzi 400 kwa sekunde kati ya 60 na 90. Yetu haina hamira. Nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga na yai hukaa ndani, unga hukunjwa pande nne kama bahasha, na kila upande hukaangwa taratibu kwa mafuta au samli.

Hiyo bahasha ndiyo inayoonyesha jamaa zake. Yemen na Saudi Arabia wana mutabbaq, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichokunjwa. Malaysia wanakiita murtabak, Indonesia martabak. Mombasa kipo pia, wanakiita mkate wa mayai. Zote ni unga wa ngano uliovutwa ukawa kama karatasi, yai na nyama ndani, kunja, kaanga. Bahari ya Hindi ilikuwa na majahazi ya kaskazi na kusi muda mrefu kabla ya watalii. Hata hivyo nasema jamaa tu, sisemi nani mzazi na nani mtoto, kwa sababu kufanana kwa vyakula peke yake hakuthibitishi njia kilikopita. Ninachokisema kwa uhakika ni kwamba mwenye kuifuata Italia ili aielewe pizza hii atapotea jikoni, kama nilivyopotea mimi.

Nilijaribu nyumbani kwa njia ya Kitaliano. Nikatia hamira, nikakanda, nikagawa madonge, nikaanza kuvuta pale pale. Yakarudi kama mpira, nilipoyalazimisha yakatoboka. Nilipomweleza fundi mmoja, mzee mwenye mikono inayong'aa mafuta, aliuliza swali moja.

"Uliyapumzisha?"

"Sikuyapumzisha, mzee."

"Basi mwanangu, yalikuwa bado yamekasirika. Donge ukilivuta limekasirika, litakurudia. Yapake mafuta, yafunike, nenda kasali, urudi."

Neno lake "yamekasirika" linakaribia sana elimu yenyewe. Ndani ya unga wa ngano mna protini za aina mbili zinazotuhusu, glutenini na gliadini. Unga ukiwa mkavu, hazina kazi. Zikipata maji hushikana, na mshikano huo ndio gluteni. Glutenini ni ndefu, zimejikunja, zikivutwa hutaka kurudi. Gliadini ni fupi, za mviringo, huziachia zile ndefu nafasi ya kuteleza. Ya kwanza inaupa unga nguvu, ya pili inaupa ulaini. Donge zuri linazihitaji zote mbili.

Kukanda ni kama kazi ya kinamama wa Paje na Jambiani kwenye usumba. Makumbi yakitoka kufukiwa pwani na kupondwa, unapata lundo la nyuzi zisizo na mpango, ukilivuta linakatika. Sokota nyuzi zile zile, umepata kamba ya kufungia ng'ombe. Mikono inayokanda inazilaza protini, inazinyoosha, inaziunganisha, mpaka donge zima linakuwa na wavu ndani yake.

Lakini kamba iliyotoka kusokotwa, ukiiachia, inajiviringa. Donge nalo ni hivyo hivyo: likitoka kukandwa, nyuzi zake zote zimekazwa. Hapa panahitaji mfano mwingine. Fikiria daladala iliyojaa Darajani. Watu wameingia kwa haraka, huyu mkono umebanwa, yule amesimama upande. Hakuna anayeweza kusogea. Gari likitembea kidogo, kila mtu anageuka, anaachia hapa, anashika pale, na ghafla pana nafasi ya abiria mwingine, ingawa hakuna aliyeshuka. Donge likipumzika nusu saa au zaidi, viungo baina ya protini huachiana na kushikana upya mahali pasipo na mvutano. Wavu unabaki mzima, hasira imetoka. Mafuta yaliyopakwa juu yanazuia ngozi isikauke, maana ngozi kavu haivutiki, hupasuka.

Gluteni hii unaweza kuiona kwa macho. Mwaka 1745 Jacopo Beccari wa Bologna alichapisha maelezo ya jinsi ya kuitenga kwa kuosha donge la ngano kwa maji, na jaribio hilo linafanyika kwenye bakuli lolote la nyumbani. Kanda donge dogo, lipumzishe, kisha lifinyange taratibu ndani ya maji. Maji yanageuka meupe kama tui: hiyo ni wanga inayotoka. Badilisha maji mpaka yawe karibu safi. Mkononi unabakiwa na kidonge cha rangi ya kijivujivu, kinachovutika na kurudi kama jojo. Mimi nililifanya, na nilikaa nikikivuta muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Jaribu hivyo kwa unga wa mchele na hutobakiwa na kitu, kwa sababu mchele hauna gluteni. Ndiyo maana chila na mkate wa kumimina humiminwa. Hakuna fundi atakayeuvuta. Na ile orodha ya mgahawani sasa inasomeka vyengine. Mtaliano anautumia wavu kama kibofu cha kushikia hewa ya hamira. Fundi wa tambi wa Lanzhou, China, anauvuta kwa urefu, akiwa ametia maji yenye ukali kama wa magadi. Fundi wa mlangoni anautandaza pande zote, na hamira ingemharibia, kwani kwenye unga mwembamba hivyo kila kiputo cha hewa ni tundu.

Kuna kipande nilichokuwa nikikiona bila kukielewa. Akishatandaza unga, fundi huweka katikati kidonge kingine kidogo kilichobanwa, kama kiraka, ndipo anatia nyama na kupasua yai. Katikati ndipo panapobeba mzigo wote wa majimaji, na hata wavu uliopumzika vizuri una kikomo chake. Anakoroga yai kwa kidole juu ya kiraka hicho, anakunja pande nne upesi, na kulitupa bunda zima kwenye chuma kabla maji ya kitunguu hayajapata njia.