Staili ya kinanda: zima kwanza, kisha sikiliza besi

Kwaya nyingi hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, hazina bendi kamili. Zina kinanda kimoja, na hicho hicho ndicho dramu, ndicho besi, ndicho gitaa la rizimu. Kwa hiyo nawasihi wapigaji wenzangu: staili, yaani muziki wa kusindikiza ambao kinanda hujipigia chenyewe, si kitu cha kubonyeza na kukiacha kiende chenyewe.

Kwenye Yamaha za PSR-S na PSR-SX, staili ina chaneli nane: mbili za mdundo, moja ya besi, mbili za kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), moja ya pedi (sauti ndefu za kujaza nyuma) na mbili za vionjo (vipande vifupi vya kupamba). Ukiacha zile za mdundo, zote zinafuata kodi unayoshika kwa mkono wa kushoto. Zikilia zote pamoja ndani ya kanisa la bati na sakafu ya saruji, maneno ya wimbo yanamezwa. Mimi huanza kwa kuzima. Nazima vionjo vyote viwili na pedi, mara nyingi na kodi ya pili. Vinabaki mdundo, besi na gitaa moja la kodi ya kwanza, na hapo kila neno la waimbaji linafika. Vionjo navirudisha kwenye sebene, watu wakishainuka.

Baada ya hapo njoo kwenye besi, ambako wengi wetu hatufiki. Tuseme wimbo uko F, na waimbaji wanatoka F kwenda Dm (D ndogo) wakipitia C. Sauti ya nne, yaani besi ya waimbaji, inashuka F, E, D. Ukiwa kwenye Fingered, mfumo wa kawaida wa kinanda kusoma kodi za mkono wa kushoto, hata ukishika E-G-C, yaani kodi ya C yenye E chini, besi ya kinanda itapiga C, na wazee wa sauti ya nne watavutwa huku na huku. Hamia Fingered On Bass. Hapo noti ya chini kabisa unayoshika ndiyo inayochukuliwa na besi, kwa hiyo F-A-C, E-G-C, D-F-A inashuka sawasawa na waimbaji. Angalizo: kama umezoea kushika F kwa C-F-A, kwenye mfumo huu utapata C chini. Zoesha mkono upya, inalipa.

Kuhusu sauti za mkono wa kulia sina mengi. Chagua moja, ogani au akodiani, na iwe chini ya waimbaji.

Ladha ya ngoma zetu za Kisukuma, kama bugobogobo, hutaikuta kwenye staili za kiwandani. Itengeneze mwenyewe kwenye Style Creator, sehemu ya kinanda ya kurekodi staili yako. Anza na mdundo wa baa mbili tu, uzungushe mpaka ukae. Kisha besi. Kodi ya msingi ambayo kinanda kinaitarajia ni CM7 (C kubwa iliyoongezwa noti ya saba, B), kwa hiyo kwenye besi na vionjo rekodi C, D, E, G, A na B tu. Kwenye kodi na pedi, C, E, G na B. Ukichomeka F humo, itagongana pindi unapohamia kodi nyingine. Besi yangu ya kwanza huwa C na G peke yake, mzizi na ya tano, maana inakaa kwenye kodi kubwa na ndogo bila taabu. Ikishatulia, hifadhi faili lake kwenye flashi, umpe na mpigaji wa kwaya ya jirani aijaribu.