Chapa za Maonesho ya Dunia: Unachotundika Ukutani Ni Nini Hasa?

Neno "chapa" lina kazi nyingi: kuna chapa ya ng'ombe, chapa ya biashara, mashine ya chapa. Hapa nazungumzia chapa ya sanaa, yaani picha iliyochorwa au kuchongwa kwenye jiwe, ubao au bamba, kisha ikapigwa karatasini nakala nyingi. Chapa za maonesho ya dunia zilitolewa karne ya 19 kuonyesha yale makusanyiko makubwa ambako mataifa yalileta mashine, vitambaa na sanaa zao: London 1851, Philadelphia 1876, Paris 1889, Chicago 1893.

Zipo nyingi kwa sababu majengo mengi ya maonesho hayo hayakukusudiwa kudumu. Jumba la Kioo la maonesho ya London 1851, lililobuniwa na Joseph Paxton, lilikaa katika bustani ya Hyde Park kwa muda mfupi tu, likapokea wageni wapatao milioni 6, kisha likabomolewa na vifaa vyake kuhamishiwa Sydenham, kusini mwa London, ambako liliungua mwaka 1936. Majumba meupe ya Chicago, ukiyaona pichani, utadhani ni marumaru. Kuta zake zilikuwa plasta iliyochanganywa na nyuzi. Aliyefika alitaka kumbukumbu, asiyefika alitaka naye aone, na wachapaji wakawahudumia wote wawili.

Chapa utakazokutana nazo sana ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya ubao, iliyotoka kwenye magazeti kama Illustrated London News. Ni nyeusi tupu, yenye mistari myembamba sana. Igeuze nyuma, mara nyingi utakuta safu za habari za siku hiyo. Ukiona ina rangi, huenda mtu aliipaka kwa mkono miaka mingi baadaye.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: litografia, chapa ya jiwe. Aliyeibuni ni Alois Senefelder huko Bavaria, mwaka 1796, na siri yake ni kwamba mafuta na maji havipatani. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe hulowanishwa, kisha hupakwa wino wa mafuta. Penye maji wino haushiki. Penye mchoro unashika. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, huko Ufaransa ya kufanya hivyo kwa rangi, na hapo ndipo lilipotoka jina kromolitografia. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi ileile hurudi chini ya mashine jiwe baada ya jiwe. Ikisogea kidogo tu, wekundu wa mdomo unaangukia shavuni.

Kampuni ya Dickinson ya London ilitoa kwa njia hiyo picha za maonesho ya 1851, kutokana na michoro ya Joseph Nash, Louis Haghe na David Roberts. Katika ukumbi wa India anaonekana tembo aliyebeba kiti cha fahari. Tembo yule hakutoka India. Alikuwa amejazwa, akaazimwa kutoka jumba la makumbusho la Saffron Walden, hapohapo Uingereza. Ndiyo maana nasema chapa hizi zinaonyesha jinsi maonesho yalivyotaka kuonekana.

Jambo hilo lina upande mzito. Paris 1889 watu wa makoloni waliwekwa kwenye vijiji vya maonesho ili watazamwe. Berlin 1896, katika bustani ya Treptow, waliopelekwa ni pamoja na Waswahili na Wamasai kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Picha ya namna hiyo mimi siwezi kuitundika kama pambo. Ikikaa ukutani, ikae na maelezo yake.

Kabla ya kununua, chukua kioo cha kukuza. Kromolitografia ya kale ina vidoa visivyolingana, vilivyowekwa kwa mkono, na rangi zinapandana. Nakala ya kisasa ina nukta ndogo zilizojipanga kwa utaratibu, kama za picha ya gazetini. Nakala si kitu kibaya hata kidogo, ila ilipiwe bei ya nakala.

Nakala itundike utakapo. Ya asili iepushe na jua la dirishani, maana rangi hupauka na hazirudi. Mwambie fundi wa fremu aweke nyuma yake karatasi isiyo na asidi, na kioo kisigusane na picha, kwani unyevu ukinaswa hapo huzaa ukungu. Zile pana zinazoonyesha uwanja wote kana kwamba mtu yuko angani hufaa juu ya kochi. Chapa za gazeti zinataka korido, usawa wa macho, mahali ambapo mtu anaweza kusogea hadi ahesabu kofia za watu. Nyuma ya fremu andika kwa penseli mji na mwaka.