Poloni ya Polokwane na Hatari Inayoingia Baada ya Nyama Kuiva

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kukagua usafi katika viwanda vya nyama, huniuliza kwanza habari za buchani: nzi, muhuri wa mkaguzi, nyama iliyoning'inizwa juani. Ni maswali ya haki, lakini nyama mbichi ina kinga moja kubwa, nayo ni sufuria inayoisubiri nyumbani. Mimi huhofia zaidi nyama iliyokwisha kupikwa kiwandani, ikafungwa vizuri kwenye plastiki, ikawekwa kwenye baridi, kisha ikaliwa bila kurudishwa motoni.

Kisa ambacho kila mtu wa fani yangu anapaswa kukijua kilitokea Afrika Kusini. Julai 2017, madaktari wa watoto wachanga katika hospitali za Chris Hani Baragwanath na Steve Biko waliona kwamba watoto wanaougua listeriosisi wamezidi idadi waliyoizoea. Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Listeria monocytogenes. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuupita kwa homa na kuhara tu, lakini mjamzito anayeonekana kuwa na mafua madogo anaweza kupoteza mimba au kujifungua mtoto aliyekwisha kuambukizwa, na kwa wazee na wenye kinga dhaifu bakteria huyu huingia kwenye damu na hata kwenye ubongo. Kibaya zaidi kwa mchunguzi ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70. Mwulize mtu alikula nini miezi miwili iliyopita, uone atakujibu nini.

Mlipuko ulitangazwa rasmi Desemba 2017, na ni wakati huo tu ndipo ugonjwa huu ulipowekwa kwenye orodha ya magonjwa ambayo hospitali zinalazimika kuyaripoti. Chanzo kilikuwa bado hakijulikani. Fununu ilitoka kwa watoto tisa wa chekechea moja ya Soweto, wote chini ya miaka mitano, waliofikishwa Baragwanath Januari 2018 wakiwa na homa na kuhara. Daktari aliyewapokea alishuku chakula, maofisa wa afya wakaenda hadi kwenye jokofu la chekechea na kuchukua poloni, soseji nene iliyopikwa kiwandani na kuliwa baridi, ambayo watoto walikuwa wakiwekewa kwenye mkate. Alama za kifurushi ziliwafikisha kwenye kiwanda cha Enterprise mjini Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza kwamba aina ileile ya bakteria, iitwayo ST6, iliyotawala katika sampuli za wagonjwa ilikuwa imepatikana katika angalau sampuli 16 za mazingira ya kiwanda hicho. Hesabu ilifikia wagonjwa 1,060 waliothibitishwa na vifo 216, na sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa watoto wachanga ambao hawakuwahi kuonja poloni. Walioila ni mama zao, kwa kuwa ni moja ya nyama za bei nafuu dukani.

Inakuwaje nyama iliyopikwa ikaua? Joto la nyuzi 70 za Selsiasi likidumu dakika mbili katikati ya nyama humwangamiza Listeria, na viwanda vingi hulifikia joto hilo bila taabu. Tatizo huanza pale nyama inapotoka kwenye tanuri na kuingia katika chumba cha kupozea, kumenya na kufungasha. Bakteria huyu hutoka udongoni, huingia na nyama mbichi, na viatu, na magurudumu ya toroli. Akipata ufa kwenye mpira wa mlango au mahali penye majimaji pasipofikiwa na brashi, hujijengea utando unaomkinga dhidi ya dawa za kusafishia, akaishi humo kwa miaka. Akidondokea nyama iliyopikwa, anakuta wapinzani wake wote wamekwisha kufa kwa moto. Ufungashaji usio na hewa haumzuii. Chumvi na naitraiti, kemikali ya kuhifadhia nyama, humchelewesha bila kumwua. Na jokofu, ambalo humfanya bakteria mwingine, Salmonella, asiongezeke, kwake ni mahali pa kukulia polepole, hata karibu na nyuzi 0.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kiwanda cha soseji ambacho sitakitaja. Majibu ya maabara ya soseji zake yalikuwa safi mwezi baada ya mwezi. Nilipoomba kuchukua sampuli kwenye mfereji wa sakafu wa chumba cha kufungashia, meneja alicheka na kuniambia kwamba soseji haziliwi sakafuni. Mfereji ulikuwa na Listeria. Kila jioni mfanyakazi mwenye bidii (nasema bidii kwa moyo safi, maana kosa halikuwa lake) aliuosha kwa mpira wa maji yenye shinikizo kubwa, na ukungu wa matone ulipanda ukatua juu ya meza ambayo zamu ya usiku ilifungashia.

Yale majibu safi pia hayakunishangaza. Kama kifurushi 1 katika kila 100 kina bakteria, ukipima vifurushi vitano utavikosa vyote vyenye bakteria mara 95 hivi katika kila 100. Kwa sababu hiyo kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, zinazotaka Listeria asionekane kabisa katika gramu 25 za chakula anachoweza kukulia, hazitoshi zikisomwa kwenye bidhaa peke yake. Kiwanda kinachotafuta ukweli huchukua sampuli za mifereji, roli za mikanda na matone ya feni za baridi, na meneja wake hufurahia kumkuta bakteria huko kabla hajafika mezani. Wengi hawafurahii, kwa sababu jibu baya lina maana ya kusimamisha mitambo.

Huku kwetu poloni si maarufu sana, lakini smoki, ile soseji ya moshi iliyokwisha kupikwa kiwandani, ni mwenzake. Smoki ya kwenye toroli la mtaani mara nyingi imekaa vuguvugu tu, kisha inapasuliwa kwa kisu kilichokata kachumbari tangu asubuhi. Mwambie muuzaji airudishe motoni hadi itoe mvuke mpaka katikati, na uipokee bila kachumbari ukiwa mjamzito. Nyumbani, kifurushi kilichofunguliwa kisizidi siku tatu au nne kwenye jokofu, na tarehe iliyochapishwa juu yake isikupe moyo, kwa kuwa ilihesabiwa kwa kifurushi ambacho bado hakijafunguliwa. Yale majimaji ya soseji yakichuruzika kwenye rafu, yafutwe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, kabla hayajafikia chombo cha matunda ya mtoto.